Mwanamke wa Ndani ya Simu ya Pasta

Wenzangu mliobaki pale ofisini mjini Baraka, hamjanipa raha tangu siku mliponifunga kile kitenge cha kuniaga. Mnataka niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu. Nimekubali, maana sasa nina muda, na wajukuu wangu wamechoka kunisikiliza. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitazigusa. Vyeo vilikuwa haba, na malipo yalikuwa haba zaidi. Nitaandika juu ya taa, juu ya megafoni, na juu ya Pasta Alimasi wa Mboko, ambaye ameniruhusu kusimulia yote, ila ameomba niseme mapema kwamba hakutenda kosa lolote. Nimesema.

Niliingia kazi hii nikitoka ualimu. Wakati huo minara ya simu ilikuwa imeanza kuota kwenye vilima vya Fizi, na taa za jua zilikuwa zinashushwa sokoni kwa magunia. Watu walinunua simu na taa kama wanavyonunua ndagala, dagaa wa ziwani: unatazama, unanusa, unalipa. Chama chetu cha watumiaji wa umeme na simu kilikuwa na kazi ya kuwafundisha kuuliza maswali kabla ya kulipa, na kuwasindikiza kwenda kulalamika baada ya kulipa. Kazi ya pili ndiyo iliyokuwa nyingi. Ofisi ilikuwa na chumba kimoja, benchi moja, na Papa Wilondja.

Papa Wilondja ndiye aliyenilea kazini. Zamani alikuwa fundi wa redio. Alikuwa mrefu, alivaa kofia ya sufu hata jua lilipowaka, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Kwa sababu hiyo aliamini kwamba binadamu wote hawasikii vizuri. Alitembea na megafoni begani kama wengine wanavyobeba jembe, na aliitumia hata akizungumza na mtu mmoja. Siku yangu ya kwanza alinikaribisha kwa megafoni, ndani ya chumba kile, nikiwa nimesimama mbele yake hatua mbili.

"Karibu, Mwalimu," alinguruma. "Hapa tunafanya kazi polepole, na kwa upole."

Siku hiyohiyo alinipeleka sokoni. Tulisimama mbele ya mfanyabiashara mmoja aliyepanga taa za jua juu ya turubai. Papa Wilondja aliinua moja, akaipima mkononi, kisha akaitikisa karibu na sikio lake zima.

"Inaongea," alisema. "Taa haipashwe kuongea. Naweza kuifungua?"

Mwenye taa alikubali bila wasiwasi. Papa Wilondja alitoa bisibisi mfukoni, akafungua. Ndani, mahali pa betri, mlikuwa na kitu kidogo kama punje ya haragwe, na pembeni yake kipande cha saruji kilicholainishwa vizuri sana ili taa iwe na uzito. Watu wakakusanyika. Mwenye taa alikiangalia kile kipande kwa muda.

"Hii ni betri ya mupya?" aliuliza.

Hakuwa anatania. Yeye mwenyewe alikuwa na taa kama hiyo nyumbani, na kwa miezi alikuwa anamlaumu mkewe kwamba anaianika vibaya. Ndipo nilipojifunza kwamba anayekuuzia kitu kibovu mara nyingi ameuziwa yeye kwanza, na usimkaripie kabla hujamuuliza. Baadaye mtu yule alikuwa mwanafunzi wetu bora. Aliuza taa zake zikiwa zimefunguliwa, matumbo nje kama samaki, na wateja walimpenda kwa hilo.

Vijana, msidharau maswali ya watu. Mzee mmoja wa Lusenda aliweka panneau yake, kile kibao cha kunasa jua, ndani ya nyumba, chini ya taa, kwa kuogopa wezi. Alitueleza kwamba panneau inawasha taa, na taa inaipa panneau mwanga, kwa hiyo hakuna haja ya kutoka nje. Papa Wilondja alimsikiliza hadi mwisho.

"Wazo ni nzuri," alimwambia. "Jua tu njo halikualikwa."

Mzee alicheka sana, akaipandisha panneau juu ya paa, akaifunga kwa waya pamoja na kengele ya mbuzi. Hadi leo ninawafundisha watu ile kengele. Mwizi akiigusa panneau, kengele inalia. Mbuzi akiigusa, inalia pia, lakini mbuzi hafiki juu ya paa. Mara nyingi hafiki.

Sasa nije kwa Pasta.

Alifika ofisini asubuhi moja ya siku ya soko, amevaa suti yake ya mazishi, akaomba mlango ufungwe. Pasta Alimasi alikuwa mtu wa heshima zake, mpole, mwenye sauti ndogo. Kanisa lake lilikuwa Mboko, karibu na barabara ya Uvira, na aliishi na mkewe katika nyumba ya kanisa. Alikaa kwenye benchi, akaweka simu yake juu ya magoti kama mtu anayempeleka mtoto hospitali.

"Mama Sifa," aliniambia, "bantu banacheka."

"Bantu gani, Baba Pasta?"

"Bote. Mutu ananipigia simu, napokea, namwambia Bwana asifiwe, anacheka. Ao ananyamaza. Bavijana ba chorale banapiga, nikipokea banakata. Kisha banapiga tena. Na Mama Pasta alienda kwa kaka yake."

"Juu ya nini?"

"Aliniuliza, ule mwanamuke mwenye kushika simu yako ni nani? Mi nikamwambia, simu yangu iko mu mufuko ya suruali, mwanamuke ataingilia wapi? Akasema, njo vile na mi najiuliza."

Nilichukua simu yangu nikampigia palepale. Simu yake ikaita juu ya magoti yake, mlio wa kawaida kabisa. Lakini sikioni mwangu hapakuwa na ule mlio wa kungoja tunaoujua. Palikuwa na gitaa, ngoma, na mwanamke mwenye sauti tamu sana, akimwimbia mpenzi wake aje haraka:

*Kuya chéri, kuya mbio, bwana yangu alisafiri. Mulango iko wazi, imbwa nilifunga.*

Niliusikiliza wimbo mpaka mwisho, kwa ajili ya uchunguzi. Papa Wilondja akaomba na yeye achunguze. Alichunguza mara kadhaa, mguu wake ukipiga sakafu. Kisha tukampa Pasta simu yangu, tukaipiga yake tena, naye akasikia kwa mara ya kwanza kile ambacho wilaya nzima ilikuwa inakisikia kila ilipomtafuta. Maana huo ndio ubaya wa nyimbo hizi zinazowekwa na kampuni badala ya mlio wa kungoja: mwenye simu ndiye mtu pekee asiyezisikia.

Uso wake haukubadilika. Alisikiliza kama anavyosikiliza maungamo.

"Imbwa amefanya nini?" aliuliza.

"Amefungwa, Baba Pasta."

"Hata imbwa," alisema taratibu. Akanirudishia simu. "Anaimba muzuri. Lakini haiko wa kanisa yetu."

Tulimuuliza kama aliwahi kubonyeza kitu. Alifikiri, akakumbuka. Kuna siku kampuni ya simu ilimtumia ujumbe kwa Kifaransa, ukiuliza kama angependa kuwafurahisha wote wanaompigia. Kama ndiyo, abonyeze moja. Akabonyeza moja. Alituuliza ni pasta gani angebonyeza mbili.

Hapo kesi ilikuwa ngumu, na ninawaeleza ili muelewe ugumu wake. Mtu alikuwa ameulizwa, na alikuwa amejibu ndiyo. Hakuna aliyemshika mkono. Lakini hakuambiwa kuhusu gitaa, wala kuhusu mume aliyesafiri, wala kwamba unité zake, yaani salio la simu, zitakuwa zinakatwa kila asubuhi kwa ajili ya huyo mama. Papa Wilondja alikuwa na fundisho lake juu ya hilo, na alilitoa kupitia megafoni ingawa mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya siri: kukubali kitu usichoonyeshwa si kukubali, ni kuotea.

Shida ni kwamba Révérend, yaani msimamizi wa makanisa yao yote, anayekaa Baraka, naye alikuwa amepiga simu. Alikuwa amewaita wazee wa comité, yaani kamati ya kanisa, wakutane Mboko Ijumaa ile kulizungumza jambo la mwanamke wa Pasta. Wakiamua vibaya, Pasta angeondolewa kanisani na kutoka katika nyumba ya kanisa, na Mama Pasta asingekuwa na pa kurudi hata kama angetaka.

Tulianza na njia iliyoandikwa: kutuma neno STOP. Nilituma kwa simu ya Pasta. Jibu likaja haraka likimpongeza. Sasa atapata matokeo ya mpira. Nikatuma tena. Akapongezwa tena, na sasa atapata kichekesho kila siku. Kichekesho cha kwanza kiliingia tukiwa bado tumekaa. Kilihusu pasta na ng'ombe wa jirani. Pasta Alimasi alitusomea chote, kwa sauti yake ndogo, kwa sababu ni mtu asiyeacha kitu katikati. Papa Wilondja alicheka mpaka kofia ikaanguka, kisha akaomba radhi kwa megafoni.

Tukaenda kwenye kibanda cha kampuni, kule anakokaa Déo. Déo alikuwa mwanaume wa makamo, amevaa fulana ya kampuni, na mbele yake kulikuwa na kompyuta aliyoiita Système. Alizungumza juu ya Système kama watu wanavyozungumza juu ya mama mkwe.

"Client alibonyeza moja," alisema. "Système inaonyesha."

"Alibonyeza bila kujua," nikamwambia.

"Système haionyeshe kujua, Mama. Inaonyesha moja."

"Basi umutolee."

"Kutoa, ile ni Uvira. Mi naweza tu kubadilisha. Baba Pasta anapenda wimbo gani?"

Pasta alichagua tenzi. Déo akabonyeza, akangoja, akapuliza kwenye kibao cha herufi, akabonyeza tena. Halafu akatuambia tayari. Tulipopiga, mwanamke alikuwa yuleyule, ila sasa wimbo ulikuwa mrefu zaidi. Déo alikuwa amempa toleo kamili. Katika ubeti wa pili mume anapiga simu kusema gari limeharibika Misisi na hatarudi wiki hii.

"Barabara ya Misisi, kweli," Pasta alisema.

Ijumaa tulipanda pikipiki, dereva mbele, mimi katikati, Papa Wilondja nyuma, na megafoni ikiwa imegeuzwa kinyume ili isikusanye mavumbi. Tulifika Mboko tukiwa wekundu kama matofali. Wazee wa comité walikuwa wamekaa kanisani kwenye mabenchi ya mbele. Révérend, mtu mnene wa maneno mazito, alikuwa mezani. Pasta alikaa peke yake upande mmoja. Mama Pasta alikaa nyuma kabisa pamoja na kaka yake, mkoba wake magotini, kama mtu anayengoja gari.

"Mwanamuke tumemusikia," Révérend alianza. "Mi mwenyewe nilimusikia. Nilipiga mara mingi, ili nipate hakika."

Wazee wakaitikia kwamba nao walipiga mara nyingi, kwa sababu hiyohiyo.

Niliomba ruhusa ya kuonyesha kitu. Nilimwomba Pasta aweke simu yake juu ya meza, mbele ya wote, na arudi mahali pake. Nikamwomba Révérend apige kwa simu yake mwenyewe, na aisogeze karibu na megafoni ya Papa Wilondja ili wote wasikie. Nilitaka waone kwamba simu ya Pasta imelala peke yake, hakuna mkono ulioigusa, na mwanamke anaimba hata hivyo. Lilikuwa wazo zuri. Sikufikiria tu kwamba megafoni ya Papa Wilondja haikuwa na sauti ya chini.

*Kuya chéri, kuya mbio*, kanisa likaimba. Kuta zikaimba. Nje, akina mama waliokuwa wanauza mihogo kando ya barabara wakanyamaza, kisha wakaitikia. Chorale, yaani vijana wa kwaya, waliokuwa wanajifanya kufagia uwanja, waliujua wimbo wote, pamoja na ubeti wa Misisi, na waliuimba kwa sauti nne. Simu ya Pasta ilikuwa inatetemeka mezani, haijaguswa na mtu. Wazee wakainama kuitazama. Mmoja aliitazama hata kwa chini.

"Sasa mwanamuke iko wapi?" aliuliza Révérend.

"Iko kwa kampuni, Révérend," nilimjibu. "Wanamuweka mbele ya simu ya mutu kama bango mbele ya duka. Mwenye duka iko ndani, haione."

Alitikisa kichwa polepole. Nilidhani tumemaliza. Ndipo Mama Pasta aliposimama kule nyuma.

"Na Révérend je?" aliuliza.

Wazee wote wakageuka kumtazama.

"Mi nilipiga simu ya Révérend ile siku niliondoka, nimwambie mambo ya bwana yangu. Sikumwambia kitu, nilikata. Niliona iko mu bar."

Révérend alisema hajawahi kuingia bar katika maisha yake. Mama Pasta akasema naye alimdhania hivyo, ndiyo maana alishtuka akakata. Révérend akaiweka simu yake mezani kando ya ile ya Pasta, kwa utulivu wa mtu asiye na deni, akaniambia nipige. Nilipiga. Papa Wilondja, ambaye hakuna aliyemwomba, akaiweka megafoni karibu.

Tulisikia chupa zikigongana. Kisha wanaume wengi, wachangamfu, wakaimba pamoja: *Patron, leta ingine, ya baridi, ile ya kwanza ilikuwa ya kuonja.*

Wimbo uliendelea kwa muda. Révérend aliiangalia simu yake kama mtu aliyekuta mdudu asiyemjua kwenye sahani.

"Tangu lini?" aliuliza mwishowe.

"Tangu Pasaka, Révérend," alijibu mzee mmoja.

"Na hamukuniambia."

"Tulisema labda ni mambo yako."

Révérend alitembeza midomo, akihesabu, nadhani, watu wakubwa waliompigia tangu Pasaka. Kisha akasema kwamba comité imeona Pasta Alimasi hana kosa, shauri limefungwa, na kwamba hakuna mtu atakayetoka pale kabla simu yake haijapigwa. Tukawapigia wote. Mwenye hazina alikuwa na filimbi ya refa. Rais wa akina mama alikuwa na mtu wa kutabiri nyota, ambaye aliwaambia wote waliompigia kwamba wiki hii watapata mchumba. Mzee mmoja alikuwa na mlio wa kawaida tu, akahuzunika kidogo.

Jumatatu kanisa lilihamia kwenye kibanda cha Déo. Révérend alikalia kiti pekee cha wateja. Wazee walisimama pembeni, chorale wakajaza mlango.

"Kutoa ni Uvira," Déo alisema, lakini sasa bila nguvu.

"Piga Uvira," Révérend alimwambia. "Tutaimba tukingoja."

Waliimba tenzi, beti zote, Papa Wilondja akiwapitishia megafoni. Hakuna mteja aliyeweza kuingia kununua unité. Déo alizungumza na Uvira akiwa amejificha chini ya meza kwa sababu ya kelele, akainuka, akabonyeza, akapuliza kibao chake. Kabla ya saa sita mchana nyimbo zote zilikuwa zimetolewa, mpira na vichekesho pia. Baada ya hapo kampuni ile ilianza kutuma maswali yake kwa Kiswahili, pamoja na kipande kifupi cha wimbo wa kusikiliza kwanza. Tuliandika pia Kinshasa, kwa ofisi ya Serikali inayosimamia simu. Jibu liko njiani. Barabara zetu mnazijua.

Mama Pasta alirudi nyumbani siku ile ya comité, kwa miguu, mkoba wake ukibebwa na Pasta mwenyewe katikati ya soko. Niliandika kesi imekwisha. Lakini haukupita muda mrefu Mama Pasta akaja ofisini peke yake, akaomba mlango ufungwe.

"Mama Sifa," alisema, "ule wimbo unaweza kurudi?"

Nilimuuliza kwa nini.

"Sasa nikimupigia nasikia tuu, tuu, tuu. Mbele, wakati wimbo ilikuwako, hata kama nilikasirika, nilikuwa nasikia mutu ananiita chéri. Yeye mwenyewe haniite vile. Umurudishie tu. Haitajua, yeye haisikie."

Papa Wilondja alinitazama. Mimi nilimtazama. Kazi yetu yote ilikuwa katika swali lile, na mwenye kutuuliza alikuwa ameleta mihogo. Nilimwambia kwamba hatuwezi kuweka kitu katika simu ya mtu bila yeye kukubali. Nikampigia Pasta palepale nikamweleza.

"Wimbo ni ule ule?" aliuliza.

"Ule ule, Baba Pasta."

"Haiko mwenye bwana alirudi?"

Nilimwahidi kutafuta. Nilikaa na Déo tukasikiliza kila kitu alichokuwa nacho. Katika nyimbo zote za kampuni ile, waume wote walikuwa safarini. Nilimrudia Pasta na habari hiyo, nikamsomea masharti yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, pamoja na unité zinazokatwa. Aliuliza maswali kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akabonyeza mbili, yaani hapana, akaniambia jambo hilo atalimaliza mwenyewe nyumbani.

Sikujua alilimalizaje hadi siku moja nilipokuwa naye Mboko, tunangoja gari mbele ya akina mama wa mihogo. Simu yake ikaita. Akatazama jina, akatazama watu wote waliokuwa pale, akarekebisha tai. Kisha akapokea, na kwa sauti yake ndogo, isiyofuata gitaa wala ngoma, akaimba:

*Kuya chéri, kuya mbio, bwana yako iko hapa.*

Alisikiliza kidogo upande wa pili, akanigeukia.

"Anasema nianze tena," alisema. "Anasema gari ilipita, hakusikia."

Akaanza tena.